Namba Tasa Iliyozaa

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Leo nataka tukipime kibaba chenyewe. Chukulia kwamba tarehe mosi Januari mwananchi mmoja anaamua kuweka akiba ya shilingi moja katika kopo, ingawa siku hizi shilingi moja ni nadra kuonekana sokoni. Tarehe pili anaweka shilingi mbili, tarehe tatu shilingi nne, tarehe nne shilingi nane, na kuendelea hivyo, kila siku akiweka maradufu ya jana. Baada ya siku kumi kopo lina shilingi 1,023 tu, na jirani zake wanamcheka. Baada ya siku ishirini lina shilingi 1,048,575, na kicheko kimepungua. Tarehe 31 peke yake itamtaka aweke shilingi 1,073,741,824. Iwapo atazipata, jumla ya akiba yake ya mwezi mzima itakuwa shilingi 2,147,483,647.

Namba hiyo ndiyo mgeni wetu wa leo: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Wataalamu huiandika kwa ufupi kuwa ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1.

Sasa tuseme mwananchi huyo ana warithi, naye anataka kuwagawia fedha hizo sawasawa, shilingi kamili kamili, bila hata moja kubaki mezani. Wakiwa wawili, shilingi moja itabaki. Wakiwa watatu, itabaki moja vile vile. Wakiwa saba, ishirini na watatu, mia tano au milioni moja, daima kutakuwa na baki. Fedha hizo zaweza kugawanywa bila ugomvi kwa njia mbili tu: ama mrithi awe mmoja achukue zote, ama warithi wawe 2,147,483,647 na kila mmoja aambulie shilingi moja.

Namba yenye tabia hiyo huitwa namba tasa, na watoto wetu hujifunza habari zake wakiwa bado katika shule ya msingi. Tazama kreti la soda: chupa 24 zimepangwa nne kwa sita, na zingeweza kupangwa tatu kwa nane au mbili kwa kumi na mbili. Lakini chupa 23 hazipangiki katika kreti lolote la mraba au mstatili, isipokuwa uzitie zote katika mstari mmoja. Ishirini na tatu ni namba tasa. Mimi binafsi neno hilo sijapata kuliridhia sana. Namba hizi hazikuzaliwa na namba mbili nyingine, hilo ni kweli, lakini zenyewe huzaa, kwa kuwa kila namba nyingine hupatikana kwa kuzidisha hizo. Ingefaa zaidi ziitwe yatima. Hata hivyo istilahi imekwisha kukubalika, nasi tutaifuata.

Huenda msomaji akadhani kwamba utasa huo umeletwa na huku kuongeza maradufu. Sivyo. Kama mwananchi wetu angeanza mwezi wa Februari wenye siku 28, jumla yake ingekuwa 268,435,455, namba inayoishia na tano, kwa hiyo ingegawanyika kwa tano. Katika mwezi wa siku 30 angepata 1,073,741,823, ambayo hugawanyika kwa tatu. Katika Februari ndefu ya siku 29 angepata 536,870,911. Hiyo huonekana ngumu, lakini nayo hugawanyika: ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Katika miezi yote ya kalenda ni ile ya siku 31 tu inayotoa namba tasa.

Kwa nini siku 30 zishindwe? Sababu yake ni nzuri, na haihitaji elimu kubwa. Gawa siku 30 katika mafungu sita ya siku tano tano. Fungu la kwanza lina 1, 2, 4, 8 na 16, jumla yake 31. Katika fungu la pili kila siku huwekwa mara 32 ya siku ile ile ya fungu la kwanza, hivyo jumla yake ni 31 mara 32. Fungu la tatu nalo ni mara 32 ya la pili, na kadhalika. Kila fungu lina 31 ndani yake, basi na jumla yote hugawanyika kwa 31. Hoja hiyo inafaa kwa idadi yoyote ya siku inayoweza kukatwa mafungu yaliyo sawa. Kwa hiyo ili jumla iwe tasa, sharti kwanza idadi ya siku yenyewe iwe tasa.

Hapa ndipo wengi walipojikwaa. Waliona kwamba siku 2 hutoa 3, siku 3 hutoa 7, siku 5 hutoa 31, siku 7 hutoa 127, zote tasa, wakadhani kwamba idadi tasa ya siku hutoa jumla tasa siku zote. Lakini siku 11 hutoa 2,047, nayo ni 23 mara 89. Mtaliano Pietro Cataldi wa Bologna alithibitisha mwaka 1588 kwamba siku 17 na siku 19 hutoa namba tasa, na kazi hiyo ilikuwa safi. Kisha akaongeza madai kwamba na siku 23, 29, 31 na 37 ni hivyo hivyo. Katika manne hayo moja tu lilikuwa kweli, la 31. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, ambaye jina lake ndilo lililopewa namba za jamii hii, alitoa orodha yake hadi kipeo cha 257. Naye aliiweka 31 miongoni mwa zilizo tasa, lakini katika orodha hiyo zimo mbili zisizo tasa, 67 na 257, na tatu zilizostahili kuwamo hazimo: 61, 89 na 107.

Kwa hiyo kwa karibu miaka mia mbili namba yetu iliitwa tasa na watu waliobahatisha. Walisema kweli, lakini hawakuwa na njia ya kumwonyesha mtu mwingine kwamba ni kweli, na katika hesabu tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa.

Aliyemaliza shauri ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel nchini Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha wataalamu cha Petersburg huko Urusi. Hali yake wakati huo haikuwa njema. Jicho la kulia lilikuwa limepoteza nuru tangu zamani. La kushoto lilishikwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1771 nyumba yake iliteketea kwa moto, na mwaka huo huo alifanyiwa upasuaji wa jicho uliomrudishia kuona kwa muda mfupi tu. Katika hali hiyo, mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 65, alimwandikia barua mtaalamu mwenziwe wa ukoo wa Bernoulli kumwarifu kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa, na akaeleza jinsi alivyojua.

Njia ya kawaida ya kupima utasa ni kugawa na kutazama baki. Si lazima kujaribu vigawo vyote. Kama namba ni zao la namba mbili, ndogo kati yao haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe, na kipeuo cha pili cha mgeni wetu ni pungufu kidogo ya 46,341. Basi ukiishia 46,340 umemaliza. Ukijaribu zile zilizo tasa tu, bado una karibu migawanyo 4,800, kwa kalamu ya unyoya, macho yakiwa hayaoni.

Euler alijua kanuni mbili zinazopunguza mzigo huo. Ya kwanza ilitokana na kazi ya Mfaransa Pierre de Fermat wa karne ya 17: kwa kuwa siku zetu ni 31, kigawo chochote cha jumla, kikigawanywa kwa 31, lazima kibakishe 1. Ya pili: kikigawanywa kwa 8, lazima kibakishe 1 au 7. Msomaji asizikubali kanuni hizi kwa kuwa tu zimeandikwa gazetini. Azijaribu kwa zile namba zilizokwisha kuvunjika. Siku 11 zilitupa vigawo 23 na 89. Gawa 23 kwa 11, baki ni 1. Gawa 89 kwa 11, baki ni 1. Gawa kwa 8: ya kwanza yabakisha 7, ya pili yabakisha 1. Siku 29 zilitupa 233, 1,103 na 2,089. Gawa kila moja kwa 29, kisha kwa 8, uone mwenyewe.

Kanuni hizo mbili zikiunganishwa, vigawo vinavyowezekana ni vile tu ambavyo vikigawanywa kwa 248, yaani 31 mara 8, hubakisha 1 au 63. Hadi kufikia 46,340 namba za namna hiyo hazitimii 400, na nyingi miongoni mwazo si tasa, kwa hiyo huanguka zenyewe. Hiyo 63 ni 7 mara 9, iache. Inayofuata, 249, ni 3 mara 83, iache nayo. Ya tatu ni 311, hiyo ni tasa, basi tugawe: 2,147,483,647 kwa 311 ni 6,905,092, baki 35. Haikugawanyika. Euler aliendelea hivyo hadi mwisho, na hakuna iliyogawa. Kwa zaidi ya miaka themanini iliyofuata haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Ilikuwa na sifa nyingine iliyowapendeza watu wa kale. Namba 6 hugawanyika kwa 1, 2 na 3, na jumla ya hizo tatu ni 6 yenyewe. Namba 28 hugawanyika kwa 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Namba kama hizo huitwa kamilifu, na ni adimu mno. Mgiriki Euclid alionyesha zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kwamba kila jumla ya kopo letu iliyo tasa, ikizidishwa kwa kiasi cha siku ya mwisho, hutoa namba kamilifu. Siku mbili: 3 mara 2 ni 6. Siku tatu: 7 mara 4 ni 28. Siku tano: 31 mara 16 ni 496. Mwezi mzima wa siku 31 hutoa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane tangu kuanza kuhesabu. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa. Kwa maoni yake, namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na haielekei mtu kujisumbua kutafuta nyingine mbele yake.

Barlow alikuwa mtu msomi, lakini utabiri huo ulimponyoka. Mwaka 1876 Mfaransa Edouard Lucas alithibitisha kwamba siku 127 hutoa namba tasa, nayo ina tarakimu 39. Hiyo ilikaa katika kiti cha ukubwa kwa miaka 75. Hakuipata kwa kugawa na kugawa. Kanuni yake, iliyokamilishwa na Mmarekani Derrick Lehmer katika miaka ya 1930, inaweza kufanywa mezani baada ya chakula. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawa kwa namba unayoipima na ushike baki tu. Rudia. Idadi ya kurudia ni idadi ya siku ukitoa mbili. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa. Tuipime 127, ya siku saba, kwa hatua tano. Hatua ya kwanza hutoa 14. Ya pili hutoa 194, ukigawa kwa 127 baki ni 67. Ya tatu hutoa 4,487, baki 42. Ya nne hutoa 1,762, baki 111. Ya tano hutoa 12,319, ambayo ni 127 mara 97 kamili. Sifuri! Kwa mgeni wetu wa leo hatua zinazohitajika ni 29 tu. Kwa njia hii hii, zikisaidiwa na nyingine za kisasa, kompyuta za watu wengi wanaojitolea zimeendelea kutafuta tangu mwaka 1996, na mwezi Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant aliibua ile yenye kipeo cha 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Ukitaka kuichapa katika gazeti hili utahitaji magazeti mengi.

Wala namba ya Euler haikubaki bila faida. Kompyuta huhesabu kama kopo letu: kila swichi ndani yake ni kama siku moja ya akiba, ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4. Kwa miaka mingi kompyuta nyingi zilitumia swichi 32 kwa namba moja. Moja hutumika kuonyesha kama ni deni au akiba, zinabaki 31. Zote zikiwaka, namba inayosomeka ni 2,147,483,647. Hapo utasa wake hauhusiki, imetokea tu kuwa hivyo. Lakini kuna kazi moja ambayo utasa wenyewe ndio ulioajiriwa.

Wahandisi wanaotaka kukadiria foleni ya mabasi au ya wagonjwa huhitaji kompyuta iwape namba zisizo na mpango unaoonekana, kama mtu anayetupa dadu. Tazama kwa mfano mdogo. Chukua namba tasa 7. Anza na 1, zidisha kwa 3 kila mara, gawa kwa 7, shika baki. Utapata 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1. Umepita kila namba chini ya saba mara moja, bila kurudia na bila kuruka. Ukizidisha kwa 2 badala ya 3 utazunguka 2, 4, 1 na kukwama humo, kwa hiyo kizidisho huchaguliwa kwa makini. Na kama mahali pa 7 ungeweka 6, ambayo si tasa, hakuna kizidisho kitakachopita zote tano. Mwaka 1969 wataalamu watatu, Lewis, Goodman na Miller, walieleza namna ya kufanya hivyo katika kompyuta za IBM kwa kutumia 2,147,483,647 na kizidisho 16,807, ambacho ni 7 kwa kipeo cha 5. Mzunguko huo hupita namba 2,147,483,646 kabla ya kurudi ulikoanzia. Haufai kulinda siri, kwa kuwa aliyejua namba moja ameijua na inayofuata, lakini kwa kazi ya kukadiria uliwatumikia watu wengi kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye jambo linalomgusa hata msomaji asiyependa hesabu. Kopo likijaa hufurika. Mwezi Desemba 2014 ilitangazwa kwamba wimbo wa PSY wa Korea Kusini, Gangnam Style, umetazamwa katika mtandao wa YouTube mara nyingi kuliko 2,147,483,647, na kihesabio kikabidi kupanuliwa. Hilo lilikuwa la kuchekesha. La saa halichekeshi. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Zile zenye swichi 31 za kuhesabia zitajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, wakati wafanyakazi wanawahi kazini. Sekunde itakayofuata, chombo kisichorekebishwa kitaamini kwamba ni usiku wa Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901.

Si sababu ya kutaharuki. Kompyuta na simu zinazotengenezwa siku hizi kwa kawaida zimekwisha kupewa nafasi kubwa zaidi. Ninaowahofia ni watumishi wasioonekana: kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya mitambo ya viwanda, pampu, mageti na vyombo vya kupimia, vinavyofungwa mara moja na kutumika miaka ishirini au thelathini bila mtu kuvifungua. Anayenunua mtambo wa namna hiyo leo anunue akijua kwamba huenda utakuwa bado unafanya kazi asubuhi hiyo. Amuulize muuzaji, na atake jibu la maandishi.

Nafasi hiyo mpya ina swichi 63 za kuhesabia, na ukomo wake ni 9,223,372,036,854,775,807. Kwa sekunde, hiyo inatosha miaka zaidi ya bilioni 290. Lakini namba hiyo si tasa, hugawanyika kwa 7, na mtoto aliyeielewa ile hoja ya mafungu atajua sababu yake bila kugawa: siku 63 hukatika mafungu ishirini na moja ya siku tatu tatu.